Vikombe vya Majivu ya Mifupa: Twahara Yake, Matumizi Yake na Biashara Yake

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu msomaji, mlango wa vyombo ni katika milango ya mwanzo kabisa anayosomeshwa mwanafunzi wa fiqhi. Akishajua maji ya kujitwaharishia, huelezwa maji hayo yanawekwa katika nini: chombo kipi ni halali, kipi ni haramu, kipi ni najisi. Kwa kuwa mlango huu tunausoma tukiwa wadogo, wengi wetu hudhani tumekwisha kuumaliza. Lakini kila zama huja na vyombo vyake, na fundi wa Ulaya anapochanganya udongo wake hana habari na vitabu vyetu.

Katika nyumba nyingi za Waislamu, mijini na hata wilayani, kuna kabati la vyombo sebuleni, na ndani ya kabati hilo mna vikombe vya chai vyeupe, vyepesi, ambavyo havitolewi ila kwa mgeni. Baadhi ya vikombe hivyo ni vya kauri iliyochanganywa na majivu ya mifupa ya wanyama. Walio wengi hawalijui hilo. Na baadhi ya wanaolijua wamekwisha kutoa hukumu nzito juu yake, hukumu iliyoleta fitina ndani ya nyumba za watu. Ndiyo maana tumeona tuliandike jambo hili.

Swali lililotufikia

Swali limetoka Mpanda, mkoani Katavi. Mama mmoja mjane ana seti ya vikombe sita na visahani vyake, buli, jagi dogo la maziwa na kibakuli cha sukari. Ameirithi kwa babu yake, aliyekuwa mpishi katika nyumba za wakubwa wa mgodi wa risasi. Wenyeji wa huko wanaijua historia hiyo. Mgodi wa kampuni ya Uruwira ndio uliokuza mji wa Mpanda, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyofunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, wageni wale walirudi kwao, na vyombo ambavyo hawakuona haja ya kuvifunga katika masanduku vikabaki kwa waliokuwa wakivisafisha. Seti ile imekaa kabatini zaidi ya miaka 60, ikitolewa siku za Idi na siku za wageni wazito.

Katika hitma ya mumewe, wageni wakapewa chai katika vikombe vile. Kijana mmoja, mwanafunzi wa dini, akageuza kisahani akausoma muhuri wa chini, wenye maneno ya Kiingereza "Bone China". Akakiweka kikombe chake chini. Akawaeleza waliokuwepo kwamba hiyo ni kauri ya mifupa, kwamba mifupa ya wanyama wa Ulaya ni mizoga, kwamba mzoga ni najisi na majivu yake ni najisi, na kwa hiyo wote wamekunywa chai iliyonajisika. Wengine wakaziacha chai zao nusu. Tangu siku hiyo mama huyu hana raha. Anauliza mambo matatu: je, chai iliyonyweka humo miaka yote hii ilikuwa najisi, na swala zao zirudiwe? Je, avivunje vikombe hivyo? Na yupo mtu wa Dar es Salaam, mkusanyaji wa vyombo vya kale, aliyetaka kuinunua seti kwa bei itakayomlipia mwanawe ada ya shule. Je, fedha hiyo ni halali?

Tusimbeze kijana yule. Alichokisema ana mahali alipokitoa, nasi tutakuja kupataja. Lakini kabla ya kuhukumu ni lazima kukijua kinachohukumiwa. Wanazuoni wetu wana kanuni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa.

Kauri hii ni kitu gani?

Kauri ya asili ni ya Wachina, na haina mfupa ndani yake. Ni udongo mweupe uitwao kaolini, mfano wa ule unaopatikana Pugu karibu na Dar es Salaam, ukichanganywa na mawe yanayoyeyuka katika moto mkali. Kauri hiyo iliingia pwani yetu kwa majahazi kwa karne nyingi. Atakayefika Kunduchi ataona makaburi ya nguzo yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina, na Kaole na Gedi vimekutwa vipande vyake vingi. Waarabu walikiita chombo hicho kwa jina la nchi kilikotoka, as-Sin, wakasema siniyya. Na sisi tukalichukua neno hilo, tukaliita sinia hata lile la bati na la plastiki. Ninalitaja hili kwa sababu nimewasikia watu wakitoa hoja kwamba wazee wetu walitumia kauri hata katika majengo yao ya ibada, basi kauri zote ni twahara. Hoja hiyo haisimami. Kauri ya wazee ilikuwa udongo na mawe. Hii tunayoulizwa ni nyingine.

Wazungu waliitamani kauri ya Kichina kwa muda mrefu bila kujua siri yake. Huko Uingereza, Thomas Frye, mwenye kiwanda cha Bow jijini London, alianza kutia majivu ya mifupa katika udongo wake mnamo mwaka 1748. Kisha Josiah Spode wa Stoke-on-Trent na mwanawe wakaukamilisha mchanganyiko huo mwishoni mwa karne ya 18, na ndio unaofuatwa mpaka leo kwa tofauti ndogo: karibu nusu yake ni majivu ya mifupa, robo ni kaolini, na robo ni jiwe la Cornwall.

Mifupa yenyewe kwa desturi ni ya ng'ombe, inayotoka machinjioni. Wenye viwanda wameichagua kwa sababu majivu yake ni meupe na hayana chuma cha kuyatia rangi. Kwanza huondolewa mafuta na gundi. Kisha hutiwa tanurini kwa moto wa kiasi cha nyuzi 1000 mpaka kila kilichokuwa nyama, uboho au damu kimeungua na kutoweka, na kinachobaki ni unga mweupe wa madini. Unga huo husagwa na maji, huchanganywa na udongo na jiwe, hufinyangwa, na hurudishwa katika moto wa zaidi ya nyuzi 1200. Humo ndimo lilimo jambo ambalo fakihi anapaswa kulitazama sana: majivu hayakai pembeni kama mchanga ndani ya tofali. Yanaingiliana na udongo na jiwe, yanazaliwa madini mengine na kioo, na kitu kizima kinakuwa kimoja. Baadaye kikombe hutumbukizwa katika maji ya kioo na kuchomwa tena, kikapata utando unaong'aa ndani na nje. Mahali pekee panapobaki bila utando kwa kawaida ni ile pete ya chini kinapokalia.

Kukitambua si kazi. Kiinue mbele ya taa, utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kigonge kidogo kwa ukucha, kitalia kama kengele. Weupe wake una umaziwa, tofauti na weupe wa buluu wa kauri ya kawaida.

Kuhusu umbo la vikombe hivyo vya Mpanda, mama huyo ametuandikia kwamba havina maua wala picha. Vimenyooka kama kopo, na vina mistari michache tu ya rangi. Huo ni mtindo wa karne ya 20, pale mafundi wa huko walipochoshwa na mapambo ya mababu zao, ya malaika na wawindaji na mbwa. Kiwanda cha Shelley kilitoa mwaka 1930 vikombe vya umbo la pia vyenye mkono wa pembetatu usio na tundu la kupitisha kidole. Bibi Susie Cooper, aliyeanza kutengeneza kauri ya mifupa mwaka 1950, alipenda maumbo mepesi na mapambo machache. Leo vyombo hivyo vinatafutwa na wakusanyaji, na ndiyo sababu ya bei aliyotajiwa mama yetu. Kwa upande wetu, mtindo huo una faida moja ya kisharia: unatuepusha na mjadala wa picha za viumbe wenye roho katika vyombo.

Kauli za wanazuoni juu ya mfupa

Mfupa wa mnyama anayeliwa, aliyechinjwa kisharia, ni twahara bila ya hitilafu. Ubishi uko katika mfupa wa mzoga. Jumhuri ya wanazuoni, nao ni Shafi, Malik na Ahmad katika kauli mashuhuri za madhehebu zao, wamesema ni najisi, kwa sababu mfupa ni sehemu ya mnyama na ulikuwa na uhai. Miongoni mwa dalili zao ni ile iliyomo katika Sura ya Yasin, aya ya 78 na 79, ambapo mkanushaji anauliza nani ataihuisha mifupa iliyooza, naye anajibiwa kwamba ataihuisha Yule aliyeiumba mara ya kwanza. Kinachohuishwa, wakasema, ni kile kilichokufa.

Imamu Abu Hanifa (mwaka 150 H) na wafuasi wake wamesema mfupa wa mzoga ni twahara, isipokuwa wa nguruwe, kwa kuwa unajisi wa mzoga unatokana na damu na majimaji yaliyokwama mwilini, na mfupa mkavu hauna hayo. Wakataja hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ya kondoo aliyekufa wa mjakazi wa Bibi Maymuna (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) aliwauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake, na walipomwambia ni mzoga akawajulisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Na Ibn Taymiyya (mwaka 728 H), ingawa ni wa madhehebu ya Hanbali, aliiona kauli hii ya twahara kuwa ndiyo yenye nguvu.

Katika Sahihi Bukhari, kwenye kitabu cha udhu, imetajwa kauli ya tabiina az-Zuhri juu ya mifupa ya mizoga kama ya tembo: kwamba aliwakuta wanazuoni waliotangulia wakichania nywele vitana vyake na wakitia mafuta katika vyombo vyake, bila kuona ubaya. Watu wa Katavi hawahitaji kuelezwa tembo ni nani. Misafara ya pembe ilikatiza Ukonongo ikielekea Tabora na pwani kabla ya mkoloni. Lakini mtu asije akaichukua kauli hiyo ya az-Zuhri kuwa ni ruhusa ya kuweka pembe nyumbani. Sheria ya nchi imekataza kumiliki nyara bila kibali, na kuitii sheria inayolinda mali ya umma ni wajibu juu yetu.

Majivu yake je?

Hapa ndipo kwenye roho ya suala. Tukikubali na jumhuri kwamba mfupa wa mzoga ni najisi, ukichomwa mpaka ukawa majivu, unajisi umeondoka au umebaki? Wanazuoni huliita jambo hili istihala, yaani kitu kugeuka dhati yake kikawa kitu kingine.

Wanafunzi wetu wote wamepitia Safinatun-Najah, kitabu cha Sheikh Salim bin Sumayr al-Hadhrami (mwaka 1271 H). Humo wamesoma kwamba najisi zinazotwaharika ni tatu tu: mvinyo ukigeuka siki wenyewe, ngozi ya mzoga ikidibaghiwa, na najisi iliyogeuka kuwa mnyama hai. Majivu hayamo. Hapo ndipo alipopatoa kijana wetu wa Mpanda, na hiyo kweli ndiyo kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafi. Mahanbali nao, katika kauli mashuhuri yao, wanaungana nasi.

Mahanafi wamekwenda njia nyingine. Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alisema kwamba sheria imeliweka jina la najisi juu ya kitu maalumu. Kitu hicho kikiondoka, na hukumu yake inaondoka nacho. Abu Yusuf alimkhalifu, lakini fatwa katika madhehebu imekwenda na kauli ya Muhammad. Mfano wao maarufu ni wa punda aliyetumbukia katika machimbo ya chumvi, akakaa humo mpaka akawa chumvi: chumvi hiyo ni halali kuliwa. (Jirani zetu wa Uvinza wasishtuke, ni mfano wa vitabuni.) Wanazuoni wa mwisho wa Maliki nao wameitegemea kauli kwamba majivu ya najisi ni twahara, na Ibn Hazm na Ibn Taymiyya wako upande huohuo.

Basi kwa madhehebu ya Hanafi kikombe hiki hakina swali hata kidogo: mfupa wake ulikuwa twahara, na hata kama usingekuwa, moto umeugeuza. Mwenye tabu ni Mshafi. Na sisi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni Mashafi.

Wafinyanzi wa Misri na Imamu Shafi

Wengi wanaosoma Safina wanaishia pale kwenye zile tatu, wakadhani Mshafi hana njia. Lakini tatizo la chombo kilichofinyangwa na najisi kisha kikachomwa si geni kwa Mashafi. Imamu Shafi (r.a.) mwenyewe aliulizwa juu yake.

Imamu aliingia Misri mwishoni mwa karne ya pili Hijria, akaishi huko mpaka kufa kwake mwaka 204 H (820). Wafinyanzi walikuwa wakichanganya udongo na samadi ili mitungi yao isipasuke. Samadi ni najisi katika madhehebu yake, na moto kwa kauli yake hautwaharishi. Akaulizwa: je, inafaa kutia udhu katika vyombo hivyo? As-Suyuti (mwaka 911 H) ametaja katika al-Ashbah wan-Nadhair, akinukuu kutoka al-Bahr, kwamba Imamu alijibu kwa kanuni yake mashuhuri, kwamba jambo likibana hupanuliwa. Na akaitumia kanuni hiyohiyo kwa mwanamke aliyemkosa walii wake safarini na kwa nzi anayetua kwenye uchafu kisha akatua juu ya nguo.

Tuzingatie vizuri. Hakusema samadi imekuwa twahara. Msingi wake aliuacha mahali pake. Alichosema ni kwamba watu hawawezi kukwepa vyombo hivyo, basi vimesamehewa. Hawashi zilizoandikwa na wanazuoni wa Kishafi wa Misri katika karne zilizofuata zimeujenga mlango mzima juu ya jibu hili: mitungi, magudulia na matofali yaliyochanganywa na samadi au majivu ya najisi, yamesamehewa wao na maji yaliyomo. Na wakasihisha kuuzwa kwake, kama walivyosihisha kuuzwa kwa nyumba iliyojengwa kwa matofali ya aina hiyo, kwa kuwa kinachokusudiwa na mnunuzi ni nyumba, na najisi iliyomo ni kitu kinachofuata tu.

Mfano huu uko karibu mno na kikombe chetu: najisi (kwa kauli ya madhehebu) imechanganywa na udongo, imefinyangwa, imechomwa, imekuwa chombo. Ila kuna tofauti moja ambayo sipendi kuificha. Watu wa Misri hawakuwa na chombo kingine, na sisi tunavyo. Duka lolote la Mpanda lina bilauri za kioo, vikombe vya bati na vya udongo usio na mfupa. Kubana kulikomfanya Imamu apanue hakupo kwetu kwa kiwango kile. Kwa hiyo msamaha huo peke yake nauona ni mguu mmoja, na chombo hakisimami kwa mguu mmoja. Tutafute mingine.

Wa pili ni asili ya mifupa. Nani amethibitisha kwamba ni mizoga? Vikombe vya seti hii vimetoka Uingereza ya miaka ya 1950 au kabla, na wachinjaji wa huko walikuwa wengi wao Manasara na Mayahudi. Aya ya 5 ya Sura ya al-Maida imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, na wanazuoni wamekifasiri kuwa ni vichinjwa vyao. Yapo maneno marefu juu ya namna ya uchinjaji wa viwandani, na katika madhehebu yetu yapo masharti zaidi juu ya Watu wa Kitabu wenyewe. Lakini kati ya kusema "haijulikani" na kusema "ni mzoga" kuna umbali mkubwa. Katika Fathul-Muin, kitabu tunachokisomesha, imetajwa nguo iliyovuma kwamba hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, na jibini ya Sham iliyovuma kwamba hugandishwa kwa kitu cha nguruwe, na hukumu ikabaki kwenye asili, yaani twahara, na ikatajwa kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini ya watu hao akala bila kuuliza.

Wa tatu, nao kwangu ndio wenye nguvu zaidi katika suala la chai, ni ule utando wa kioo. Chai haiugusi mwili wa kikombe. Inagusa kioo, na mdomo unagusa kioo. Najisi iliyofunikwa na kitu twahara kisichopenyeza haiambukizi kilichoko juu ya kifuniko. Hata anayeshikilia kwamba majivu yaliyomo ni najisi, hana njia ya kusema chai imenajisika, maadamu utando ni mzima.

Wa nne ni kumfuata imamu mwingine. Mwislamu wa kawaida kuchukua kauli ya Hanafi katika jambo kama hili inafaa, bila kuchezea madhehebu na kutafuta wepesi kila mahali.

Majibu

Kwa hayo, chai iliyonyweka katika vikombe hivyo ni twahara, na hakuna swala ya kurudiwa. Vikombe visivunjwe. Mtume (s.a.w.) amekataza kupoteza mali, na hii ni mali ya mjane. Kuviuza kunafaa na fedha yake ni halali, kwa kiasi cha hoja ya Mashafi wa Misri tuliyoitaja na kwa kauli ya Mahanafi iliyo wazi zaidi. Amweleze mnunuzi hali ya vikombe kwa ukweli, ikiwamo ufa wowote, kwa kuwa kuficha aibu ya bidhaa ndiko kunakotia doa katika biashara. Amlipie mwanawe ada, Allah amjaalie kheri.

Anayetaka kununua seti mpya leo, na moyo wake hautulii, aache kauri ya mifupa anunue kioo au kauri ya kawaida. Huo ni wara'i mzuri. Lakini wara'i ni wa mtu na nafsi yake. Ukialikwa na ukaona muhuri huo, kunywa. Au kama huwezi, omba maji katika bilauri bila kumweleza mwenye nyumba sababu. Kusimama katikati ya hitma na kuwatangazia wafiwa kwamba wanakula najisi, katika jambo ambalo maimamu wamehitilafiana, ni kukosa adabu ya elimu. Nawaomba maimamu na waalimu wa madrasa walieleze hili katika darsa zao, maana vijana wetu wanasoma matini nyepesi na wanaondoka kabla ya kufika kwenye sherehe na hawashi.

Mambo matatu yaliyobaki

La kwanza ni mstari wa dhahabu ukingoni. Vikombe vingi vya aina hii vimepakwa dhahabu ya kweli pale hasa mdomo unapogusa. Makatazo ya vyombo vya dhahabu na fedha ni makali, amepokea Hudhayfa (r.a.), na amepokea Ummu Salama (r.a.), katika Bukhari na Muslim. Hudhayfa alipoletewa maji katika chombo cha fedha huko Madain alikitupa. Ama kupaka tu, Imamu Nawawi (mwaka 676 H) amesema katika al-Minhaj kwamba chombo kilichopakwa ni halali katika kauli sahihi zaidi, na wafafanuzi wakaweka sharti kwamba dhahabu hiyo iwe chache kiasi kwamba ikitiwa motoni haipatikani kitu. Dhahabu ya vikombe ni utando mwembamba mno, huchakaa kwa kuoshwa tu, basi inaingia humo. Hata hivyo Mahanbali wameharamisha, na mimi nikiwa na hiari huchagua kikombe chenye ukingo mtupu. Wala ughali wa chombo peke yake hauharamishi: Nawawi huyohuyo amehalalisha chombo cha kito kama yakuti katika kauli yenye nguvu. Kinachomhusu mwenye kabati ni israfu na kujifakharisha, na pia onyo la Sura ya al-Maun. Ibn Mas'ud (r.a.) aliifasiri maun kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana, kama chungu, ndoo na shoka. Vikombe 6 vinavyokaa kabatini huku jirani mwenye shughuli akikosa vya kuwapa wageni chai vinaingia hapo.

La pili ni vyombo vya mtumba ambavyo mtu hamjui aliyevitumia. Abu Thalaba al-Khushani (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, akaambiwa wakipata vingine wasivitumie, na wasipopata wavioshe kisha wale ndani yake. Utando wa kioo haunyonyi, kwa hiyo kuosha vizuri kunatosha.

La tatu ni la afya. Rangi na utando wa vyombo vya zamani mara nyingi vilitiwa risasi, madini yaleyale yaliyochimbwa Mpanda. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto zaidi. Hutoka kwa urahisi katika kinywaji chenye ukali kama ndimu, ukwaju au chai iliyotiwa limau, hasa kikikaa humo kwa muda mrefu. Sharia yetu imekataza kujidhuru na kudhuru. Kikombe cha kale chenye rangi upande wa ndani, au ambacho utando wake umefanya mistari midogo kama utando wa buibui, au kimemeguka ukingoni, kisinywewe tena. Hapo na ile hoja yetu ya kioo inaanguka, kwa kuwa chai sasa inafika kwenye mwili wa kikombe. Kiwekwe kabatini kama kumbukumbu, au kiuzwe kwa mwenye kukusanya baada ya kuelezwa ufa wake.

Wallahu aalam.